Swali la Mama Kashindi

Nilitoka Thornton Heath kwenda Rayners Lane, upande wa pili wa London, kwa sababu ya barua, na nilikwenda nimeshaamua nitakachosema: futeni.

Barua yenyewe ilikuja mwaka wa pili baada ya kumzika mke wangu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na nilichotoka nacho ni viboko zaidi ya herufi. Kwa hiyo barua za hapa London ananisomea binti yangu Neema, wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini kujibu ni Kiingereza tu.

"Baba, wanatafuta familia ya Mama Kashindi," akasema. "Kuna kazi yake wanayo, wanauliza waitunze au waifute. Ni nani huyo?"

"Kompyuta imekosea. Imechanganya nyumba."

Nilimdanganya. Kashindi ni mtoto wetu wa kwanza. Tulipokimbia Uvira, kule Kongo, alikuwa na miaka saba, ana surua, hawezi safari. Mimi ndiye niliyesema abaki kwa bibi yake, tutamtuma mtu amchukue. Baadaye vita vikafika hadi pale, bibi akafa, na mtoto hatukusikia habari zake tena. Nikamwambia mke wangu tumlilie mara moja, basi, na jina hilo lisitajwe ndani ya nyumba. Kanisani nikawaambia wamwite Mama Neema. Hata mimi nikawa Baba Neema.

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda treni hadi Victoria. Nilikuwa nimevaa viatu vya mazishi, sina vingine vizuri, navyo vinabana kidole kidogo, lakini hayo tuyaache. Njia nzima nilimfikiria mke wangu na ile kazi yake. Asubuhi alikuwa akisafisha ofisi, mchana anakwenda chuo kimoja kusoma magazeti. Nilikuwa namtania: "Wewe mwanamke, wazungu wanakulipa usome habari za juzi!" Anacheka tu. Sikuuliza anasoma nini.

Chini ya ardhi nilikosea treni. Njia moja inagawanyika mbele huko, mimi nikakaa tu, nikastukia nimefika uwanja wa ndege. Nikarudi nyuma.

Saa saba mchana nilifika Rayners Lane. Bi Nasim, aliyeniandikia, ni Mhindi wa Kigoma, mama mtu mzima, alikuwa bosi wa mke wangu pale chuoni. Alifungua mlango akasema, "Karibu, Baba Kashindi. Umechelewa, chai imepoa mara mbili."

Miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo.

"Treni ilinipeleka uwanja wa ndege," nikasema. "Nilifikiri umeamua kunirudisha Kongo."

"Ukiwa na viatu hivyo wasingekupokea," akasema. Tukacheka kidogo, yeye zaidi yangu.

Sebuleni kulikuwa na kompyuta na maboksi ya karatasi. Akanieleza polepole. Miaka ile walikuwa wanafundisha mashine kutafuta habari. Unaijaza habari nyingi za magazeti na redio, halafu unaiuliza swali, nayo inaleta karatasi inazodhani zina jibu. Lakini mashine haijui kama imepata au imekosa. Lazima mtu asome kila karatasi aandike: inahusu, au haihusu. Kazi ya mke wangu ilikuwa hiyo.

"Halafu kila mfanyakazi tukamwambia alete swali lake mwenyewe," akasema. "La kwake hili hapa."

Akanisomea: Kashindi wa Uvira, tuliyemwacha kwa bibi yake, yuko wapi?

Akafungua boksi. Karatasi baada ya karatasi, mwandiko wa mke wangu: haihusu, haihusu, haihusu. Moja ilikuwa ya watoto waliovushwa ziwa kwenda Tanzania. Hapo aliandika haihusu, akakata, akaandika inahusu, akakata, akaandika tena haihusu. Kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

"Alisoma zote?"

"Zote. Mara mbili. Jibu halimo, mzee. Ndiyo maana swali lake limetufaa sana. Kila mashine mpya tunaipima nalo. Mashine mbovu inaleta Kashindi yeyote, mcheza mpira, mwizi wa ng'ombe. Mashine nzuri inanyamaza."

Akasema sasa anastaafu, kazi inakwenda kwa vijana wa chuo kingine, na swali la marehemu haliwezi kwenda bila ruhusa ya nyumbani. "Ukikataa, nalifuta leo."

"Iulize kwanza," nikasema. "Mimi nione."

Akabonyeza. Tukangoja. Kioo kikabaki kitupu.

"Imefanya vizuri," akasema, halafu akajiziba mdomo. "Nisamehe, Baba Kashindi."

Mimi nilikuwa nawaza mke wangu alivyokuwa akirudi jioni kutoka kwenye karatasi zile, anapika, na mimi namtania. Miaka yote hiyo nilinyamaza ndani ya nyumba yangu, na mimi si mashine.

"Usifute," nikasema. "Iendelee kuulizwa."

Akanipa karatasi ya ruhusa. Kuandika kunanichukua muda. Niliandika: Baba Kashindi.

Kurudi sikukosea treni. Nilifika Thornton Heath jua halijazama, nikamkuta Neema mezani na vitabu vyake.

"Wamekubali kosa lao?" akauliza.

"Kosa lilikuwa langu. Njoo ukae. Mama Kashindi alikuwa mama yako. Wewe una kaka."

Nikamweleza yote, surua, bibi, na aliyesema abaki. Nilidhani atalia au atanitukana kwa Kiingereza, na haki yake. Badala yake akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mawe mtoni:

"Yuko wapi?"

Nilikwenda mbali kiasi kile nikajifunza jambo dogo tu, kwamba kuna neno la kumjibu mtoto hata kama jibu halipo.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Lakini kaa, nikuambie alivyokuwa."