Mpwa Wangu na Mkata Vimio

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi huko Kitale, nimemaliza wiki tatu tu katika wodi ya watoto, na tayari nilijiona najua dawa ya kila kitu. Ile saa ya kubandika kifuani niliivaa hata kanisani. Basi dada yangu alinipigia kwa simu ya jirani: mtoto wake wa miezi mitano anakohoa, amekataa titi, na mama mkwe amemwita mkata vimio. Niliomba ruhusa nikashika njia ya Misikhu, alikoolewa dada, moyo ukinidunda. Nitakuwa mwongo nikisema ni hofu tu. Furaha pia ilikuwepo: hatimaye, mgonjwa wangu mwenyewe!

Kwetu Bungoma kikohozi cha mtoto kilikuwa na mshtakiwa mmoja: kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wazee walisema kikirefuka kinaziba njia ya maziwa, kwa hiyo kinakatwa, tena kwa kifaa kilekile kilichomkata mtoto wa jana. Wodini nilimwona mmoja aliyekatwa akiletwa anavuja damu. Kesho yake asubuhi kitanda chake kilikuwa kinatandikwa upya.

Nilimkuta mkata vimio ameshaketi jikoni, anakunywa chai. Mama mkwe wa dada alinipokea kwa utani.

"Karibu, daktari! Kimio ya huyu imekuwa mrefu, inafunga njia. Anaguzwa kidogo tu, jioni ananyonya."

"Mama, nipe saa moja," nikamsihi. "Nikishindwa, mtafanya vile mnajua."

Maneno hayo yalinitoka kabla sijayapima. Na kama ningeshindwa?

Nilimfungua mtoto kifua nikahesabu pumzi dakika nzima: hazikufika hamsini, kiwango cha hatari. Mbavu hazikubonyea ndani. Homa ilikuwa ndogo. Nikamwambia dada ajaribu kumnyonyesha. Mtoto akalishika titi kwa pupa, akavuta mara mbili, akameza, kisha akaliachia akipiga mayowe, uso umemwiva. Nusura niruke! Koo lilikuwa linafanya kazi. Pua ndiyo iliyokuwa imezibwa kabisa na makamasi makavu, na mtoto wa umri ule hawezi kunyonya na kupumua kwa mdomo kwa wakati mmoja. Mafua! Mafua haya haya ya kila mtu!

Nikachemsha kikombe cha maji, nikatia nusu kijiko kidogo cha chumvi, nikangoja yapoe. Hakuna maji yaliyowahi kupoa polepole vile. Mkata vimio akaongezewa chai. Kwa sirinji mpya isiyo na sindano, niliyokuja nayo, nikadondosha matone mawili kila tundu, nikasubiri, nikafuta kwa kona ya kitambaa safi. Mtoto akapiga chafya moja, makamasi yote yakaishia kwenye sare yangu nyeupe, niliyoivaa makusudi ili niaminiwe.

"Sasa mpe!"

Akanyonya. Akanyonya bila kuachia hata mara moja! Dada akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikaanza kucheza hapo hapo jikoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni alikuwa mimi.

Mkata vimio alichukua mfuko wake akaaga. "Ikiwashinda, mtaniita," alisema, wala hakukasirika. Mimi nikaendelea kuhubiri: matone kabla ya kila kunyonya, maziwa mara kwa mara, mtoto akae mbali na moshi, na akianza kupumua mbio au mbavu zikibonyea, akimbizwe hospitali. Niliongea mpaka koo likanikauka.

Muda huo wote mama mkwe alikuwa amekishika kile kikombe cha maji ya chumvi. Mwishowe aliniuliza, na utani ulikuwa umemwisha.

"Yule wangu wa kwanza pia alikuwa anashika titi, halafu anaachilia, analia. Tukamkata, akatuacha. Sasa hiyo ilikuwa tu pua?"

Nilikipokea kile kikombe, nikamshika mkono. Mtoto aliendelea kunyonya.