Ng'ombe wa Baba na Mazuku ya Keshero

Baba alikimbia vita huko Masisi akiwa na ng'ombe mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa maisha yake yote yaliyobaki. Goma malisho ni shida. Mawe meusi ya volkano yametanda kila upande. Ndiyo maana asubuhi moja isiyo na upepo alimpeleka Keshero, kwenye bonde dogo ambalo majani yake hayakatwi na mtu kwa kuogopa mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu inayotoka ardhini na kutulia mabondeni. Nilimfuata nikilalamika njia nzima.

"Mazuku inauaka mbuzi na imbwa, bintu bifupi," alinijibu. "Ngombe iko na kichwa juu."

Mfugaji mzima, akasahau kwamba ng'ombe akila huinama! Ng'ombe alishuka, akala kidogo tu, magoti yakamlegea. Baba akataka kumfuata. Nikamkamata koti kwa mikono miwili.

"Uniache! Inakosa nini?"

"Oxygène, papa."

Mimi hufundisha kemia shuleni Ndosho. Mungu anisamehe, nilianza kumweleza kwa sauti ya darasani, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Kaboni na oksijeni zote hupenda elektroni, oksijeni zaidi. Hakuna inayokubali kumwachia mwenzake, basi huzimiliki pamoja, kama watu wawili wanaong'ang'ania blanketi moja. Kaboni hukaa katikati, oksijeni huku na huku, kila moja imeungwa nayo mara mbili. Hiyo ndiyo mazuku. Kifungo hicho pumzi ya mnyama haiwezi kukivunja.

"Ni kusema oxygène iko mule?"

"Iko, papa. Lakini imefungwa."

"Si ni weye unafundishaka? Ifungue basi."

Nilikasirika, nikaichukia kemia yangu, nikamchukia hata yeye kwa kuniuliza. Kulikuwa na oksijeni tele pale chini, na nisingeweza kumpatia mnyama wake hata pumzi moja.

Baba akaacha kuvutana nami. Akaanza kupiga mluzi, ule wa kumwita akamuliwe, taratibu, bila haraka. Masikio ya ng'ombe yakageuka upande wetu. Alisikia. Alijaribu kuinuka, akashindwa.

Masikio yalipotulia, baba aliendelea kumwita.