Kaka Yangu Hakuwa na Mke

Nilikuwa napanga biskuti za shayiri kwenye bati simu ilipolia jikoni. Alikuwa msimamizi wa karakana ya barabara. "Effie," akasema, "kaa chini kwanza." Sikukaa. Akaniambia wamemkuta Lauchie ndani ya gari la kuondoa theluji, pembeni mwa njia ya makaburini, taa zote zinawaka na breki imevutwa. Moyo ulikuwa umesimama. Alipoona mambo yamemharibikia aliegesha kwanza, ili asimzibie mtu njia. Huyo ndiye kaka yangu, na naandika haya kwa sababu kuna mengine yameandikwa juu yake, na ni uongo.

Lauchlin Gillis alizaliwa hapa Glenmorrin, kisiwani Cape Breton, Kanada, na hakuona sababu ya kuhama. Majira ya baridi alisukuma theluji, majira ya joto aliziba mashimo ya barabara. Ijumaa alikula samaki wa chumvi na viazi. Bahari aliichukia kwa kuwa ilimtapisha. Hakuoa. Ukimletea habari yoyote, iwe ya vita au ya ng'ombe wa jirani, alikuuliza, "Nani kakwambia?" Ukimtaja mtu, aliuliza tena, "Na yeye kaambiwa na nani?" Wengi walimwona msumbufu. Nami nilimwona hivyo.

Ila misiba haikumpita. Katika kila mkesha alisimama mlangoni mwa nyumba ya mazishi, huko marehemu wanakolazwa waagwe, akipokea makoti ya wageni, akisema mfiwa hapaswi kuhangaika na koti la mtu. Alibeba majeneza ya nusu ya kijiji hiki. Njia ya makaburini haikuwa sehemu ya kazi yake, lakini theluji ikianguka kabla ya maziko, aliisafisha bila kuombwa. Asubuhi aliyokufa alikuwa akiisafisha kwa ajili ya maziko ya mama mkwe wa binamu yetu Peggy.

Kwa hiyo siku ya mkesha wake nilitarajia foleni hadi barabarani. Binti yangu Shauna alipanga viti, nami nikakata mikate ya kutosha parokia nzima. Saa ya kufungua milango ikafika. Akaingia Padri Comeau. Baada yake hakuingia mtu. Tukakaa sisi watatu tukimtazama Lauchie ndani ya suti aliyoivaa kwenye misiba ya wenzake, na vile vibao vya kutundikia makoti vikiwa vitupu ukutani. Nilianza kuwachukia majirani zangu mmoja mmoja, kwa majina, huku rozari ikiwa mkononi.

Shauna hakuvumilia. Akampigia Peggy, akaweka simu kwenye sauti kubwa.

"Binamu Peggy, mko wapi?"

"Nyumbani, mpenzi. Tunawaombea. Na mshumaa tumeshauwasha."

"Mshumaa gani?"

"Ule wa mtandaoni. Si ndio mliotaka?"

Niliinyakua simu. "Nani alitaka?"

"Effie, usinifokee, mimi mwenyewe nimetoka kuzika juzi. Tanzia imesema familia inaomba faragha. Hakuna mkesha, maziko ni ya ndugu wa nyumba moja tu. Nikasema haya, Effie siku hizi amekuwa mtu wa mjini."

"Nisomee hiyo tanzia."

Akasoma. "'Lauchlin Gillis, mpenzi wa gofu na safari za baharini, ametutoka akiwa amezungukwa na familia yake. Ameacha mke wake mpendwa, Lorraine...'"

"Lorraine ni nani?"

Akalisoma jina lile tena, polepole.

"Peggy! Kaka yangu alikuwa na mke?"

"Hapana."

"Alicheza gofu?"

"Lauchie? Na ile suruali yake?" Kicheko kilimtoka, akakimeza. "Hapana, Effie."

"Alifia wapi, na nani?"

"Ndani ya gari. Peke yake. Kwenye njia ya mama mkwe wangu." Sasa alikuwa analia.

"Umeona mke ambaye hayupo, umeona gofu, umeona kifo ambacho si chake. Halafu ukaamini kwamba hakuna mkesha?"

"Nilidhani wamekosea hapo tu."

Wamekosea hapo tu! Tangu siku hiyo maneno hayo naamka nayo. Peggy si mjinga. Ni mtu asiyeamini utabiri wa hali ya hewa mpaka atoe kichwa dirishani. Lakini alipokutana na uongo katika mambo aliyoyajua, aliusamehe, kisha akayapokea yale asiyoyajua kama Injili. Na si yeye peke yake. Kijiji kizima kilisoma habari za Lorraine. Kila mmoja alijua hakuna Lorraine, na kila mmoja akabaki nyumbani kwa heshima. Hapa kwetu watu humtilia shaka mwanasiasa, mwenye duka, hata padri akirefusha tangazo la michango. Tanzia hawaitilii shaka. Wanaona hakuna mtu anayeweza kudanganya juu ya marehemu.

Yupo. Shauna alinieleza. Kuna watu mahali fulani, hawajui Glenmorrin iko upande gani wa dunia, kazi yao ni kunusa majina ya waliofariki. Jirani akiandika mtandaoni "mwombeeni Lauchie," wao wanalidaka jina. Mashine inayoandika yenyewe inamtungia maisha, pembeni wanabandika matangazo ya dawa za magoti, na chini wanauza mishumaa isiyowaka. Lorraine huenda ni mke wa Lauchlin Gillis mwingine huko Ontario, maana jina hilo limejaa nchi hii. Shauna aliwaandikia waufute ukurasa ule. Jibu lilikuja papo hapo: pole kwa msiba, bofya hapa kuwasha mshumaa.

Zamani tulikuwa na gazeti la wiki. Mwanamke aliyepokea tanzia hakuchapa jina mpaka apige simu nyumba ya mazishi. Gazeti lilifungwa, na hakuna aliyechukua kazi ya kupiga simu ile.

Shauna akaandika tangazo la kweli kwenye ukurasa wa kijiji: mkesha upo, jioni hii, njooni. Wa kwanza kujibu akawa Duncan, mzee wa kwaya. "JAMANI MSIBONYEZE! Matapeli wanatumia msiba wa watu. Tanzia rasmi ni hii hapa." Akabandika ule ukurasa wa Lorraine.

Nilimpigia. "Duncan, tapeli ni mimi."

"Nani mwenzangu?"

"Effie! Wewe uliimba kwenye ndoa yangu, ukapotea katikati ya wimbo."

"Ah. Effie." Akakohoa. "Lakini ule wa kwao una picha ya mishumaa, dada. Unaonekana wa kweli."

"Uliona jina la nyumba ya mazishi? Namba ya kupiga? Jina la aliyeandika?"

"Sikutafuta."

Basi tukapiga simu nyumba kwa nyumba, mimi, Shauna na padri, na jioni watu wakaja. Walikuja wameinamisha vichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kupokea makoti, wakayashika mikononi. Padri akaanza rozari. Tulipofika penye "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," mdomo wangu ulijifunga. Mungu anajua nilikuwa namfikiria nani. Bado silisemi neno hilo vizuri, na nimemwambia Yeye hivyo.

Mmoja hatukumpata. Alphonse Boudreau alifanya kazi na Lauchie miaka mingi, zamu kwa zamu, na walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atambeba mwenzake. Alisoma ukurasa ule, akaamini kwamba nimemzuia, akaenda zake mjini Halifax kutibiwa macho. Simu yake ilikuwa imezimwa. Alipata habari Lauchie akiwa tayari kaburini, akaniuliza swali moja tu: "Ulidhani mimi si ndugu?" Nimemweleza. Anasema ameelewa, lakini kwetu haji tena kunywa chai.

Tulimzika kesho yake baada ya misa. Theluji ilikuwa imeanguka, na wenzake wa karakana waliisafisha njia mapema. Jeneza hubebwa na watu sita. Watano walikuwa tayari, na mshiko wa sita niliuacha wazi mpaka Padri Comeau aliponiangalia. Nikavua glavu, nikaushika mimi. Tulimbeba kutoka lango hadi shimoni, tukisimama mara moja nipumzishe mkono. Padri akasoma, akanyunyiza maji ya baraka. Tukamshusha kwa kamba. Udongo ulikuwa umeganda, ukagonga mbao kwa mabonge. Peggy alitupa lake, kisha Duncan, kisha Shauna, kisha mimi. Tukasema, "Mwanga wa milele umwangazie," tukaenda ukumbini kula ile mikate.