Fundi wa Cheni Mpya

Fundi baiskeli hajawahi kukosea. Wanaokosea ni wenye baiskeli. Mkunga alipomrudishia baiskeli yake kwa mara ya tatu, akilalamika kwamba tangu ivishwe cheni mpya inaruka kila akipanda kilima, na wajawazito hawasubiri, fundi alifanya kama kawaida yake: alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaiinamia cheni kwa sikio, akafumba macho.

"Mama, unakanyaga kwa hasira," akatamka. Juzi kosa lilikuwa uzito wa mkoba, jana, viatu.

Mkunga akapitisha kidole kwenye gia ya nyuma, ile ile ya zamani, ambayo meno yake yalikuwa yamelika hadi yakachongoka kama msumeno. "Fundi, cheni mpya itashika wapi hapa?"

Fundi akacheka kicheko cha kumhurumia mjinga. "Wewe zalisha, baiskeli niachie mimi." Akaipanda, akasimama juu ya pedali, akakikabili kilima. Cheni ikaruka, goti likabusu usukani, na fundi akalala kifudifudi mbele ya wateja wake wote.

Alirudi akichechemea, akiikokota baiskeli, uso umejaa vumbi na ujuzi ule ule. "Umeona, mama?" akasema. "Umeshaifundisha tabia mbaya."