Washenga Walioingia Kinyumenyume

Leo nimetoa shikamoo kwa migongo mitatu ya wazee, na yote mitatu imeitikia marahaba.

Ni hivi.

Washenga wa mchumba wangu walikuja kutoka Gendabi kuleta posa. Kwa heshima yao, mama alitandika sebuleni kapeti jipya la plastiki kutoka Dongobesh, lenye miduara myeusi na myeupe.

Ukilitazama, miduara inazunguka. Haizunguki, lakini inazunguka. Mnanielewa?

Mzee wa kwanza aliinua mguu mlangoni, akaurudisha. "Mama, sakafu yenu inatembea."

Nikajua ndoa yangu imeishia hapo.

Baba, ambaye zamani aliendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, akacheka. "Hiyo naijua. Sisi tulitazama ngano ikiingia kwenye kisu cha mashine kutwa nzima. Tukishuka, ardhi inatembea! Dawa ilikuwa moja tu: tazama mlima Hanang mpaka itulie."

Basi wazee wa watu wakageuka, wakaingia kinyumenyume, macho mlimani. (Ungekuwa wewe ungewaamkiaje?)

Wakakaa wakiangalia mlima kupitia mlangoni. Baba akaanza kutaja ng'ombe wa mahari anaowataka, mmoja mmoja, kwa raha zake.

Ghafla ukungu ukafunika mlima.

Macho yakashuka kwenye kapeti. Mshenga mkuu akakumbatia kiti. "Baba binti, taja wote kwa pamoja, tumekubali!"

Naolewa, jamani.

Mama anataka kulikunja lile kapeti. Baba amekataa kabisa. Anasema wadogo zangu bado hawajaolewa.