Verlene Stamper Ajifunza Sauti ya Pili

Verlene Stamper alizaliwa bonde la Lick Fork, milimani mashariki mwa Kentucky, mwaka ule mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa na baba yake akarudi kukaa barazani akipiga banjo, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya. Watu wanasema ndiyo sababu binti zake wawili walijua kuimba kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Nasema wawili kwa sababu alikuwapo Ova, aliyemtangulia Verlene kwa miaka mitatu.

Verlene aliimba sauti ya kwanza, Ova ya pili. Hakuna aliyepanga. Verlene akifungua kinywa alikuwa ameshakwenda mbele, na Ova akatafuta mahali pa kukaa chini yake, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Miaka kumi na mmoja waliimba hivyo, kanisani, mazishini, na kwenye redio ya mjini kila Jumamosi asubuhi kabla ya kusomwa bei za ng'ombe.

Kisha akaja bwana mmoja wa Nashville, mji wanakorekodi santuri, amevaa viatu vyeupe, akasema anamhitaji mmoja tu. Ova alikuwa anaanika shuka Verlene alipomletea habari.

"Nenda," akasema Ova, akaendelea kuanika. Verlene akalichukua neno hilo kuwa ni baraka, maana ndivyo alivyotaka kulisikia.

Kazi ilimwendea vizuri. Jukwaani walimwita Verna Lane, wakamshonea magauni ya shanga, akaimba muziki wa kantri, habari za pombe na wanaume waongo na treni zinazoondoka. Nyimbo zake mbili zilipigwa redioni hadi Texas. Lick Fork walizijua zote, hata mashemasi, ila mashemasi walidai wamezisikia kwa jirani. Miaka ishirini na mmoja alilala kwenye basi la bendi. Mume alimpata, mume akaondoka, na huyo hatuna haja ya kumfuata.

Kilichomrudisha ni mazishi ya mama yao. Pale kaburini mchungaji, Ndugu Estill, alimwomba aanzishe wimbo alioupenda mama. Ubeti wa kwanza aliuimba, watu wakalia. Ubeti wa pili haukuja. Alisimama kinywa wazi, mwanamke aliyeshika kichwani nyimbo mia mbili za baa, na Ova akaumalizia peke yake kwa sauti ya pili, bila ya kwanza juu yake. Ilisikika kama nyumba isiyo na paa.

Verlene hakupanda tena lile basi. Aliwaambia wenzake wa bendi kwamba kuanzia siku hiyo ataimba nyimbo za Mungu, au atanyamaza.

"Kamkumbuka Bwana baada ya santuri zake kulala dukani bila mnunuzi," akasema Mjomba Burl kwenye ngazi za kanisa, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Ndugu Estill alikuwa mpole zaidi. Agosti ilikuwa na Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo waliohamia viwanda vya Ohio na Michigan hurudi kusali na kula pamoja. "Uimbe siku hiyo, Dada Verlene," akasema. "Lakini sisi hapa hatuna jukwaa. Simama na mwenzio."

Mwenzake alikuwa mmoja tu duniani. Verlene akaenda kwa Ova, akamkuta jikoni akimenya matufaha.

"Ova, Ndugu Estill anataka tuimbe Agosti."

"Anataka yeye, au unataka wewe?"

"Nataka mimi. Nataka kuliko chochote."

Ova akatupa ganda ndooni. "Basi tutaimba. Mimi nashika ya kwanza."

Verlene akacheka. Ova hakucheka.

"Hujawahi kuimba ya kwanza, wewe."

"Sijawahi kuulizwa."

"Haya, nitashika ya pili." Ova akaanza wimbo wa mama taratibu, Verlene akaingia, na mara akajikuta yuko pale pale alipo Ova, noti kwa noti. Wakaanza upya. Ikawa vile vile.

"Siijui," akasema.

"Miaka kumi na mmoja umesimama begani kwangu."

"Siijui, dada. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe."

Ova akapunguza moto chini ya sufuria ya maharage. "Nilimsikia redioni yule mwanamke waliyemweka nyuma yako," akasema Ova. "Anaimba nafasi yangu kama anayepiga pasi shati la watu. Nikajisemea, Verlene atamrekebisha. Kumbe ulikuwa huwezi."

"Nisamehe."

Ova akafungua droo. "Shika kisu hiki. Huwezi kujifunza ukiwa umekaa tu."

Shule zilikuwa zimefungwa, na Ova alikuwa mpishi wa shule, basi Julai nzima walimenya na kuimba. "Usinipite," Ova alimwambia. "Ningoje nikae kwanza, ndipo na wewe ukae." Siku moja Verlene alilia kidogo, ana miaka arobaini na minne na anafundishwa kama mtoto wa shule ya Jumapili. Ova akamsogezea chai baridi, akaanza tena ubeti.

Jumapili ikafika, na magari ya mbali, na kuku wa kukaanga chini ya vitambaa. Dada wawili wakasimama bila gitaa. Beti mbili zilikwenda sawa. Kwenye ubeti wa tatu Verlene aliona macho ya watu yamemgeukia, na sauti yake ikaanza kupanda yenyewe, kwa mazoea. Ova hakugeuka wala hakumgusa. Alipunguza tu sauti, hadi Verlene akajisikia amesimama mahali pa mtu. Akashuka. Hapo ndipo alipoisikia sauti ya dada yake ikimpita juu, si kubwa, ina ufa kidogo kama ya mama, naye akaishikilia isianguke mpaka neno la mwisho.

Watu wakasema amina. Mezani Mjomba Burl akamjia na sahani imejaa. "Verlene, leo hujasikika kabisa."

"Asante, mjomba," akasema, na alimaanisha.

Ova alimpakulia mkate wa mahindi. "Kanisa la Bear Branch wanatuita Jumapili ijayo," akasema. "Zinatakiwa nyimbo nne. Kesho uje mapema."

Waliimba pamoja miaka kumi na saba, katika makanisa ya mabonde yale. Watu walioambiwa kwamba mmoja wao ndiye aliyekuwa maarufu redioni walimwendea Ova moja kwa moja, kwa kuwa ndiye aliyeshika ya kwanza, wakamshika mkono. Ova aliwaitikia kwa adabu. Verlene alisimama nyuma yake, ameshika makoti.