Chubwi la Baba

Mizani ya kituo chetu ilikuwa ya kununulia korosho. Wapiganaji waliitoa kwenye kantina, duka la Mreno aliyekimbia, na nesi akaitundika chini ya paa la nyasi, si mbali na Mto Ruvuma. Tulikuwa tumekimbilia msituni kutoka pwani, mimi na wadogo zangu watatu pamoja na shangazi. Baba na mama walikuwa wameshakufa. Mimi ndiye dada mkubwa. Shule niliiacha ili niwalee.

Nesi aliletewa unga wa maziwa kutoka ng'ambo, akataka kujua kama unawafaa watoto. Aliwapima kabla ya kuwapa, akawapima tena mwezi mwingine ulipoandama. Hakumlinganisha mtoto na mwenzake.

"Huyu na yeye mwenyewe," alisema. "Wa kabla na wa baada."

Aliyepanda uzito alichorewa mkwaju wa mkaa juu ya mstari ubaoni. Aliyeshuka, chini yake. Karibu mikwaju yote ilikuwa juu.

"Unga ungekuwa haufai kitu, ingekuwa kama kurusha sarafu, huyu juu, yule chini. Sarafu haiangukii upande mmoja namna hii." Alicheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Wabebaji walikuwa wachache, kwa hiyo walioshuka tu ndio waliovushwa mto kupelekwa hospitali. Waliondoka asubuhi ileile. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amepanda, basi tukabaki.

Nilipomfunga mgongoni turudi kibandani, mifupa ya nyonga yake ilinichoma. Mtoto aliyenenepa hachomi. Halafu kitu kigumu kikanigonga kiunoni. Kilikuwa ndani ya hirizi yake.

"Chubwi la nyavu za baba yake, risasi ya kuzizamishia," shangazi alisema. "Nilimfunga alipokwisha kupimwa mara ya kwanza. Kwetu yatima hufungwa risasi ya baba, asichukuliwe na mkondo."

Nikageuka kurudi kwa nesi, shangazi akinifuata. Nesi aliipima hirizi kiganjani.

"Shangazi, ulitaka nimpime mtoto au samaki?"

"Nyinyi wa bara mnajua nini cha baharini? Hirizi za wenzake mbona hukuzivua?"

"Zao walikuwa nazo mara zote mbili. Nikitoa uzito wa kwanza kwenye wa pili, zinajifuta zenyewe. Hii imeingia katikati."

Bila chubwi, mdogo wangu alikuwa ameshuka. Nesi aliufuta mkwaju kwa kidole gumba, akauchora chini ya mstari.

"Kwa hiyo unga haufai?" nikamuuliza.

"Unafaa. Mkwaju mmoja haugeuzi ubao. Lakini ubao unasema habari za wengi, dada. Za mdogo wako hauzijui."

Nikawaacha wadogo zangu wengine wawili kwa shangazi, nikaifuata njia ya wabebaji. Sikuwakuta. Nilivuka na wachuuzi wa chumvi, mtoto kifuani, maana mgongoni nisingejua kama bado anapumua.

Hospitalini walipotaka kumpima, nilimvua hirizi kabla hawajasema. Alikuwa ameshuka tena. Walimpa dawa, walimpa maziwa, nami nilikaa chini kando ya kitanda chake mpaka akawa hayamezi tena.

Mwanamume aliyemwosha kwa maziko alinikabidhi hirizi. Niliifunga kwenye ncha ya kanga, nikarudi ng'ambo kwa wale wawili. Njia nzima mgongo wangu ulikuwa mwepesi, na ile risasi ikinigonga pajani.